Kuchagua Msumeno wa Umeme wa Kukatia Chuma cha Visu kwa Bajeti Ndogo: Mwongozo Kamili

Anayeanza kutengeneza visu kwa kupenda tu, nje ya kazi yake ya kila siku, huchoka kwenye msumeno wa mkono kabla hajaifikia kazi yenyewe. Umbo la kisu limechorwa juu ya chuma bapa cha milimita 4, mkono unasukuma na kuvuta, bledi inapinda, na mkato mmoja unakula jioni nzima. Hapo ndipo wazo la kununua mashine linapoingia, na hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Mashine nyingi zilizopo sokoni zimeundwa kwa kazi nyingine: kukata mabomba, nondo, mbao. Mtengeneza visu ana haja ya peke yake. Anataka kufuata mchoro wenye mikunjo, kwenye chuma chembamba, bila kukiunguza.

Ukiniuliza niangalie nini kwanza kwenye msumeno wa kazi hii, nitakujibu kasi. Wati za mota zinakuja baadaye, na jina lililoandikwa ubavuni linakuja mwisho kabisa. Chuma hukatwa polepole. Mashine rahisi inayokwenda polepole itakuhudumia miaka, na ya gharama inayokwenda mbio itamaliza meno ya msumeno siku ya kwanza.

Hatua ya 1: Kijue chuma chako kabla ya kuitafuta mashine

Vyuma vya kaboni vinavyouzwa kwa ajili ya visu, kama 1075, 1084, 80CrV2 au O1, kwa kawaida hufika vikiwa vimelainishwa. Kwenye kipimo cha ugumu cha Rockwell C huwa karibu na 20 au chini yake, na meno ya msumeno wowote mzuri huvila bila shida. Springi bapa ya gari ni habari nyingine: imegumishwa kiwandani na huwa kati ya 40 na 50. Tupa ya zamani hufika 60 na kupita. Sasa fikiria kwamba ncha za meno ya mkanda mzuri wa msumeno, yaani bledi ndefu iliyounganishwa kuwa duara, nazo ziko kati ya 65 na 69. Ukiuweka mkanda huo juu ya tupa isiyolainishwa, unagonganisha vitu viwili vinavyokaribiana kwa ugumu, na kitakachotangulia kuisha ni zile ncha nyembamba za meno.

Kipimo cha nyumbani ni rahisi. Chukua tupa kali uipitishe kwenye ukingo wa chuma. Ikiuma na kutoa unga, msumeno utapita. Ikiteleza kama juu ya kioo, usikate kwa meno. Ama utumie diski ya kusaga, ama ukilainishe chuma kwanza. Kulainisha ni kukipasha moto hadi kiache kushikwa na sumaku, yaani nyuzi zipatazo 770 za Selsiasi, kukiongezea moto kidogo, kisha kukizika kwenye majivu makavu ili kipoe taratibu usiku kucha. Njia hii inafaa kwa vyuma vya kaboni vya kawaida na vya springi. Vyuma vya zana vya A2 na D2 hugumu vinapopoa hewani, na majivu hayatoshi kuvilainisha, kwa hiyo vinunue vikiwa tayari laini.

Mimi nililijua hili kwa hasara. Niliikata springi kwa jigsoo bila kuipima, na mkato haukufika sentimita moja kabla meno ya katikati ya bledi hayajalala yote. Nikaweka bledi ya pili, kisha ya tatu, nikiamini zilikuwa mbovu. Hazikuwa na kosa lolote.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya kasi

Meno yakipita mbio juu ya chuma hupata moto, hupoteza ugumu na kuwa butu. Kwa chuma cha kaboni kilicholainishwa, mkanda wa metali mbili (mgongo unaonyumbuka, ncha ngumu) unaokata bila maji hufanya kazi vizuri kati ya mita 30 na 60 kwa dakika. Kwa D2 na jamii yake, shuka hadi 20 au 25.

Kasi ya mkanda huipati kwa kubahatisha. Zidisha kipenyo cha gurudumu kwa 3.14, kisha kwa idadi ya mizunguko kwa dakika. Chukua msumeno wa mkanda wa mbao wenye magurudumu ya milimita 350 yanayozunguka mara 800: 0.35 × 3.14 × 800 inakupa karibu mita 880 kwa dakika. Kuifikisha mita 40 kunadai uipunguze mara 22. Puli mbili peke yake haziwezi kupunguza kiasi hicho. Utahitaji shafti ya kati yenye puli nyingine, au boksi la gia. Kuna watu wamefanya hivyo na wakafanikiwa, lakini jumlisha bei ya puli, mikanda ya puli, beringi na muda wako kabla hujaununua msumeno wa mbao eti kwa sababu ni rahisi. Mara nyingi hesabu inakukataza.

Hatua ya 3: Chagua idadi ya meno

Kanuni ya mafundi ni kwamba meno yasiyopungua matatu yawe ndani ya chuma kwa wakati mmoja. Yakiwa mawili au moja, ukingo wa chuma huingia kati ya jino na jino na kulivunja, na likivunjika moja, lile la nyuma yake hubeba mzigo wa mawili na kufuata njia hiyohiyo.

Meno huhesabiwa kwa inchi moja, yaani milimita 25.4. Mkanda wa meno 24 una nafasi ya takriban milimita 1.06 kati ya jino na jino, kwa hiyo chuma cha milimita 3 hukaliwa na meno karibu matatu. Kwa chuma cha milimita 4 hadi 5, meno 18 yanatosha. Cha milimita 6 kinakubali 14. Ukitaka mkanda mmoja tu wa kazi nyingi za visu, nunua wa meno 18, na ukikata chuma chembamba punguza nguvu ya kusukuma. Mikanda yenye meno mchanganyiko, mfano 14 hadi 18, haitikisiki sana na kelele yake ni nafuu.

Kuhusu aina ya mkanda, sina kigugumizi: nunua wa metali mbili. Mgongo wake ni wa chuma kinachonyumbuka na ncha zake ni za chuma cha kasi, mara nyingi M42 chenye kobalti karibu asilimia 8, ambacho hubaki kigumu hata kikipata moto. Mkanda wa kaboni tupu ni rahisi dukani, lakini ukiikata 1084 kwa wiki chache utaununua mara kadhaa.

Hatua ya 4: Zipime mashine moja moja

Grainda ndogo. Hapa ndipo wengi wetu tulipoanzia, na kama una pesa ya mashine moja tu, anzia hapa. Grainda ya milimita 115 au 125, yenye wati 700 hadi 900, hukata, husaga, husafisha kutu, na haichagui ugumu wa chuma: springi, tupa, chochote. Chagua diski nyembamba ya milimita 1. Diski nene huondoa chuma kingi zaidi, na kila chembe inayoondolewa ni moto unaoingia kwenye kisu chako.

Tatizo lake ni hilo la moto. Ukingo ukipata moto kupita kiasi, chuma cha kaboni pale pale kwenye ukingo hupashwa na kisha kupozwa ghafla na ubaridi wa chuma kinachokizunguka, na kinaweza kugumu. Baadaye drili inateleza na tupa haishiki, nawe hujui kwa nini. Kwa hiyo kata mbali na mstari, ukiacha milimita 2 hadi 3, kisha umalizie kwa kusaga taratibu huku ukitumbukiza chuma majini. Vyuma kama A2 na D2 vinadai uangalifu zaidi hapa, maana havihitaji hata kupozwa ghafla ili vigumu.

La pili ni kwamba diski hukata mstari ulionyooka tu. Kwa mikunjo ya mpini na tumbo la kisu fanya hivi: kata mifereji mingi mifupi kutoka ukingo wa nje kuelekea kwenye mstari, kila mmoja ukomee milimita 3 kabla ya mstari, ukiacha nafasi ya milimita 6 hadi 8 kati ya mfereji na mfereji. Utabaki na vipande vinavyofanana na meno ya kitana. Vikate chini kimoja kimoja, kisha saga vilima vilivyobaki. Usijaribu kamwe kuipindisha diski ndani ya mfereji ili ifuate mkunjo. Diski nyembamba ikibanwa kwa ubavu hupasuka.

Nitakaa kidogo kwenye hili la kupasuka, maana ndilo linalojeruhi watu. Diski nyingi za kukatia zimeruhusiwa kwenda hadi mita 80 kwa sekunde. Ya milimita 115 kwenye grainda ya mizunguko 11,000 huenda karibu mita 66 kwa sekunde, iko salama. Mtu akiondoa gadi, yaani kifuniko cha kinga cha diski, na kuifunga diski ya milimita 230 kwenye grainda hiyohiyo, ukingo wake unafika mita 132 kwa sekunde. Hakuna diski ya kukatia iliyotengenezwa kuhimili hilo. Gadi ibaki mahali pake, na isimame kati ya diski na uso wako. Diski ya meno ya mbao isiguse grainda hata siku moja. Soma pia pete ya chuma iliyo katikati ya diski: nyingi zimepigwa mhuri wa robo ya mwaka na mwaka wa mwisho wa matumizi, kwa mfano V07/2027, kwa sababu gundi inayoshikilia chembe huzeeka na kunyonya unyevu. Diski iliyoanguka sakafuni, itupe.

Jigsoo. Watu huidharau, lakini kwa anayekata visu viwili au vitatu kwa mwaka inaweza kutosha. Iwe na kirekebisha kasi, na kile kitufe cha kuifanya bledi irushe mbele kiwekwe sifuri. Weka bledi ya metali mbili ya chuma: nafasi ya milimita 1.2 kati ya meno kwa chuma cha hadi milimita 3, na karibu milimita 2 kwa chuma kinene kuliko hapo. Bana kazi kwenye jiliwa au kwa vibanio viwili karibu kabisa na mstari, tone la mafuta ya kukatia kila baada ya sentimita chache, kasi ya chini, na usubiri. Itakutikisa mikono na majirani watakusikia, ila mkunjo utaufuata na chuma hakitaungua.

Msumeno wa mkanda wa kubebeka. Huu ndio ninaomshauri kila mtu auwekee akiba. Umeundwa kwa mafundi wa mabomba ili wakate wakiwa juu ya ngazi, lakini ukisimamishwa wima kwenye stendi yenye kimeza kidogo cha chuma, unageuka kuwa mashine ya kukatia visu inayotoshea kwenye kona ya meza. Kasi yake hurekebishwa, na kwenye namba za chini inaangukia palepale tunapopataka. Saizi kubwa iliyozoeleka hutumia mkanda wa takriban milimita 1140 wenye upana wa milimita 12.7, na koo lake, yaani uwazi wa kuingiza kazi, lina nafasi ya karibu milimita 120, inayotosha visu vingi.

Yapo mambo manne ya kuangalia kabla ya kutoa pesa. Kwanza, mkanda wake upatikane kwa urahisi. Mashine ndogo hutumia urefu tofauti tofauti, na mkanda usiopatikana huifanya mashine kuwa pambo. Pili, kasi ya chini kabisa isomeke kwenye kibao chake: ikianzia mita 70 kwa dakika, iache. Tatu, viongozi vya mkanda viwe na beringi zinazozunguka kwa wepesi na zinazobana mkanda pande zote mbili. Nne, swichi. Wengi hukifunga kichochezi kwa mshipi wa plastiki ili mashine ikae imewaka. Likitokea lolote, mkono unalazimika kutafuta plagi. Weka swichi ya mguu inayokata umeme unapoinua mguu. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na kidole. Jaribu kwanza kama mashine unayoitaka inakubali, maana baadhi hukataa kuwaka umeme unaporudi huku kichochezi kimeshikiliwa.

Mkanda wa milimita 12.7 hugeuka kwenye mkunjo wenye nusu kipenyo cha karibu milimita 63, si chini ya hapo. Mahali pa kidole kwenye mpini hapataingia. Hapo rudi kwenye ile mbinu ya mifereji mifupi, ambayo kwa msumeno wa mkanda huwa ya haraka na haina moto, au toboa matundu kwa drili kufuata mkunjo na uyaunganishe.

Msumeno wa mkanda wa kulala na kusimama. Hii ni ile mashine ya chuma cha kusubu inayokata kipande cha inchi 4 kwa 6, mkanda wa milimita 1638, kasi tatu zinazobadilishwa kwa kuhamisha mkanda wa puli. Ikilala hukata nondo na mabapa kwa uzito wake yenyewe na kujizima. Ikisimamishwa unafunga kimeza na kufuata mchoro. Kasi yake ya chini kabisa, mita 20 na kitu kwa dakika, inafaa hata D2. Inatoka kiwandani ikihitaji kurekebishwa: viongozi havijanyooka, mkanda unakimbia, kimeza kinanesa. Tenga siku nzima ya kuinyoosha na uunde kimeza kipana zaidi. Ukiwa na nafasi sakafuni, huenda ndiyo thamani kubwa kuliko zote kwa pesa yako. Ukiwa unafanyia kazi barazani na kuhamisha vitu kila jioni, uzito wake wa makumi ya kilo utakushinda.

Mashine ya meza yenye diski ya milimita 355 waachie wanaochomelea mageti. Hukata vipande vifupi kutoka kwenye chuma kirefu, basi. Ile yenye diski ya meno ya kabaidi inayokwenda polepole hukata safi zaidi, lakini nayo haifuati mkunjo wowote, na jino moja likigonga chuma kilichogumishwa diski nzima inakwisha. Msumeno wa kwenda na kurudi una kazi moja nzuri kwetu: kukatakata springi iliyolainishwa kuwa vipande vya kupeleka kwenye moto.

Hatua ya 5: Kagua mashine iliyotumika

Mashine iliyotumika inaweza kuwa nusu ya bei, na mingi ya misumeno ya mkanda inayouzwa hivyo ni mizima, ina mkanda butu tu. Chomoa plagi. Zungusha magurudumu kwa mkono usikilize beringi. Sauti ya mchanga ni beringi za kubadilisha. Shika gurudumu ulisukume kulia na kushoto, lisicheze. Angalia ukanda wa mpira ulio juu ya gurudumu kama umepasuka. Kwenye grainda, shika shafti inayobeba diski uitikise: mchezo wowote unaouhisi ni sababu ya kukataa. Fungua vifuniko vya kaboni za mota (brashi zinazopeleka umeme) uone zimebaki kiasi gani. Kaboni fupi si tatizo, ni bei ndogo, lakini komyuteta, sehemu ya mota inayoguswa na kaboni, iliyoungua na yenye mabaka meusi ni tatizo kubwa. Kisha iwashe kwa dakika tano na unuse. Harufu ya koili iliyoungua haijifichi.

Soma volti na masafa kwenye kibao. Mota ya volti 110 ukiichomeka kwenye 220 haidumu. Na waya wa kuongezea uwe mnene na mfupi, kwa sababu waya mwembamba huiba volti na kuichemsha mota ambayo haina kosa.

Hatua ya 6: Mkato wa kwanza

Mkanda mpya una ncha kali kama sindano, na ukiusukuma kwa nguvu ncha hizo humeguka badala ya kulainika kidogo kidogo. Mikato michache ya kwanza iwe kwa nusu ya nguvu uliyozoea. Baada ya hapo tazama vinavyotoka kwenye mkato. Vijisongo vidogo vilivyojikunja, vya rangi ya fedha na vyenye joto la kuvumilika, ni dalili kwamba kasi na nguvu vimepatana. Unga mkavu maana yake unasukuma kidogo mno, au meno yamekwisha. Vijisongo vikitoka vya bluu, punguza kasi.

Paka chuma rangi nyembamba ya alama, chora umbo kwa msumari mkali, kata milimita 1 nje ya mstari. Anza na mikato iliyonyooka, mgongo wa kisu na ncha ya msuka (sehemu inayoingia kwenye mpini), kisha mikunjo mipana, mwisho ile midogo. Panga ili kipande kikubwa cha kushikia kibaki hadi mwisho. Kisu kilichobaki kidogo mkononi huvuta vidole kuelekea kwenye mkanda. Kwa sentimita chache za mwisho sukuma kwa kijiti, na usivae glavu zinazoning'inia kwenye msumeno wa mkanda, maana meno hushika kitambaa na kuuvuta mkono.

Miwani ya kinga ni ya kila mashine. Kwa grainda ongeza ngao ya uso juu ya miwani, vizibo vya masikio, na barakoa ya vumbi laini, kwa sababu unachovuta ni chuma na chembe za diski kwa pamoja. Cheche huruka mita kadhaa na kujificha kwenye maranda na matambara. Ondoa vinavyoshika moto kabla, na ubaki karibu nusu saa baada ya kumaliza. Chuma kilichopakwa zinki usikikate kwa diski ndani ya chumba, wala usikipashe moto: moshi wake mweupe huleta homa.

Mkanda ukianza kukata kwa kupinda upande mmoja hata baada ya kunyoosha viongozi, meno ya upande mmoja yamechakaa. Usiutupe: kata nao shaba, aluminiamu na vifaa vya mpini, na uweke mpya kwa ajili ya chuma.